Aliyeshona Mkia Anapanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Luano, kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, nikiwa nimebeba mkasi wa baba na kifurushi cha sponji. Sponji niliibeba kwa sababu nilidhani naenda kushona mito ya viti. Nyumbani kwetu Kampemba kila mtu alidhani hivyo, na baba ndiye aliyedhani zaidi, maana asingedhani hivyo asingenifungulia mlango.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana, lakini sitawaficha kwamba kuna kijana mmoja ninayemfikiria kuliko wengine. Ni mjukuu wangu Salima. Amemaliza shule, anataka kusomea ufundi wa ndege, na baba yake, ambaye ni mwanangu Idi, alikuwa amekataa katakata. Alimchagulia famasi. Mimi nilikaa katikati yao miezi mingi nikinywa chai yangu na kusikiliza vyombo vikibamizwa jikoni. Basi ngoja niwaeleze nilivyoingia kazini, halafu nitawaeleza yaliyotokea kwa Salima.

Baba yangu, Mzee Ramazani, alikuwa fundi cherehani. Wazee wake walikuja na ufundi huo kutoka Maniema, na barazani kwetu alishona kanzu, makoti na nguo za maharusi wa mtaa mzima. Kaka zangu waliikimbia sindano, mimi nikaing'ang'ania. Siku moja akaja mteja wa kupunguza suruali, bwana mmoja mrefu, Mkasai, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Alikuwa chef d'atelier, yaani mkuu wa karakana, katika kampuni moja ndogo ya ndege ambayo ilishakufa siku nyingi. Alinikuta napindia koti. Akaitazama mikono yangu kuliko alivyoitazama suruali yake.

"Mzee," akamwambia baba, "uyu mutoto yako anashona muzuri sana. Mi niko natafuta muntu wa kushona kule ku ndege. Ule wetu alirudia kwao."

"Kushona nini?" baba akauliza.

"Bitambaa tu, Mzee. Bitambaa na uzi."

Chef hakusema uongo. Hakumaliza tu maneno yake.

Nilipofika karakanani alinipitisha kando ya viti bila kuvitazama, akaenda nami moja kwa moja hadi nyuma ya ndege. Akagonga mkia kwa vidole. Ukalia kama ngoma.

"Njo hii," akasema, yaani kazi yangu ndiyo hii.

Nilicheka, nikadhani ananitania. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba katika ndege zile za zamani mwili ulikuwa wa bati, lakini sehemu za mkia zinazocheza zilivikwa kitambaa cha pamba ili ziwe nyepesi. Mojawapo ni usukani, ule ubao uliosimama wima nyuma kabisa: rubani akikanyaga kwa mguu, ubao unageuka, na pua ya ndege inageuka nao. Mbavu za usukani ni za chuma, ngozi yake ni kitambaa, na kitambaa kinashikwa na uzi.

"Kwa hiyo watu wote watakaokaa mule ndani..." nikaanza.

"Beko wanakaa ku uzi yako, ma fille," akasema, yaani binti yangu. "Weka iyo sponji chini."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unavika usukani kitambaa kama unavyovika mto foronya. Halafu unachukua sindano ndefu kama mkono wa mtoto na uzi uliopakwa nta ya nyuki, unaanza kufunga kitambaa kwenye kila ubavu, kuanzia juu hadi chini. Wanafanya watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Mimi napitisha, wewe unarudisha. Kila mara unapopitisha lazima uite "Inakuja!", maana mwenzako kule haoni sindano itakapotokea. Baadaye unapaka dawa yenye harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na dawa ile ikikauka inakivuta kitambaa mpaka kinakazana. Harufu hiyo iliingia kwenye nywele zangu na haikutoka tena. Marehemu mume wangu alisema alinifahamu kwa harufu kabla ya kunifahamu kwa jina.

Safu yangu ya kwanza niliishona kwa upendo wote. Niliishona kama kanzu ya sikukuu: uzi mmoja mrefu usiokatika kutoka juu hadi chini, mishono imezama, jicho halioni kitu. Nikarudi nyuma kuitazama, nikajisifu kimoyomoyo. Chef akaja. Akainama, akatazama, akatoa wembe mfukoni na kukata mshono mmoja tu, katikati. Kisha akavuta kitambaa kwa vidole viwili. Safu nzima ikafunguka, uzi ukaanguka sakafuni.

"Hii ni ya kwenda nayo ku harusi," akasema. "Kule juu kuna upepo. Uzi moja ikikatika, kitambaa kinavimba, Kapiteni anakanyaga, mukia haisikie. Hapa kila mushono iko na fundo yake. Moja ikikufa, ingine inabakia."

Nililia. Sioni haya kusema. Halafu nikapangusa macho na Chef akanifundisha fundo lile, ambalo linakaa nje, linaonekana, limevimba, baya kabisa. Mshonaji aliyelelewa vizuri anaona aibu kulitazama. Nilifunga mafundo mpaka vidole vikavimba kama yenyewe.

Usukani ulipokaribia kwisha ndipo nikaambiwa desturi ya karakana. Chef aliitaja kama mtu anayetaja mahali pa kunawia mikono: ndege ikitoka kwenye matengenezo inajaribiwa angani kwanza bila abiria, na aliyeshona mkia anapanda.

"Kupanda wapi?" nikauliza.

"Mu ndege. Unataka kupanda mu baiskeli?"

"Chef, mi ninaogopa."

"Muzuri. Mwenye kuogopa njo nilikuwa natafuta. Ule asiyeogopa anafungaka fundo ovyo."

Jioni ile nilimweleza baba. Akaacha kula. Akasema kesho huendi, na kesho yake asubuhi akavaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia, akaenda Luano mwenyewe kuirudisha kazi kwa aliyeitoa. Mimi nikamfuata nyuma kama kifaranga.

Chef alimpokea kwa heshima, akamletea kiti, akamwita Mzee mara nyingi. Baba hakukaa. Akasema, "Kabla sijamuchukua mutoto yangu, nionyeshe kwanza ile kazi alifanya." Akapelekwa kwenye usukani, ambao ulikuwa bado haujapakwa dawa. Akapitisha kiganja juu ya safu zangu, fundo kwa fundo. Nikaona uso wake unabadilika.

"Nani alikufundisha kushona vibaya hivi?" akaniuliza. "Mafundo yote inje! Bantu wa Kampemba wakiona watasema nini juu yangu?"

Nawaambieni kweli, alikuwa amekuja kwa sababu ya hofu ya ndege, lakini wakati ule hofu ilimtoka akabaki na aibu ya ufundi. Chef akampa wembe. "Mzee, kata moja." Baba akasita, kisha akakata. "Vuta sasa." Baba akavuta. Fundo la juu likashika, la chini likashika. Akavuta tena kwa nguvu. Baba alikuwa amepindia nguo maisha yake yote, alijua vizuri kinachotokea uzi mmoja unapokatika kwenye pindo.

Akakaa kwenye kile kiti. Baada ya muda akanyoosha mkono. "Leta sindano. Siwezi kuacha tundu nililokata mwenyewe." Chef akamwonyesha fundo, akalikosea, akamwonyesha tena. Alipolipata akalitazama kwa furaha ambayo aliifanyia bidii kuificha.

"Sasa Mzee," Chef akasema, akifuta miwani yake, "na weye ulishona."

Baba hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa, nikajificha nyuma ya mkia nicheke.

Dawa ilipokauka na mkaguzi wa serikali aliporidhika, tulipanda. Kapiteni alikuwa mtu mnene asiye na maneno, alipanda ndege kama anavyopanda mtu baiskeli yake kwenda sokoni. Baba alikaa mbele yangu, kofia mkononi. Injini zilipoanza kunguruma niliushika mkono wake, naye akaubana wangu. Tukainuka. Niliona bwawa la Karavia likiwa dogo kama sahani, na mabati ya Kampemba, na moshi wa kiwanda. Kapiteni akakanyaga kushoto, pua ikaenda kushoto. Akakanyaga kulia, ikaenda kulia. Baba akageuka akaniambia sikioni, kwa sauti ya kushindana na injini: "Inasikia!"

Hakusema tena habari ya kuniachisha. Alisimulia safari ile barazani mpaka wateja wakaanza kuacha suruali zao na kukimbia.

Baadaye nilipelekwa Pweto, kandokando ya Ziwa Mweru, ambako ndege zetu zilichukua samaki wakavu na abiria. Bosi wangu huko alikuwa chef d'escale, mkuu wa kituo, mama mmoja mkali aliyepima kila kitu kwenye mizani, hata na sisi wafanyakazi wake. "Wanaficha samaki mu nguo," alikuwa akisema, "ndege haidanganywe." Aliwapima wanawake wanene na watoto mgongoni bila kuona haya, na hakuna aliyethubutu kununa. Kwake nilijifunza kwamba uzito ni kazi, na mahali pa kuuweka ni kazi nyingine.

Siku moja ya kupumzika nilikwenda ziwani, nikamkuta mzee mmoja anaziba nyavu. Nikasimama. Vidole vyake vilikuwa vinafunga fundo langu. Lile lile, baya, lililovimba. Nikamuuliza kwa nini analifunga hivyo. Akanitazama kama mtu asiye na akili. "Juu samaki akikata jicho moja, wavu mzima usiende," akasema. Nilikaa naye mpaka jua likawa kali. Nilifurahi kupita kiasi, sijui niseme vipi. Nilikuwa nimezoea kuiona kazi ya ndege kama kitu kilichotoka mbali, cha watu wengine, na kumbe fundo lake lilikuwa ziwani kwetu muda wote.

Ndege za mkia wa kitambaa zikaanza kupungua. Wengi walidhani nitarudi kwenye cherehani ya baba. Lakini ndege ina kitambaa mahali pengi: mikanda ya kiti, mapazia, mifuko ya maboya, na zile nyavu kubwa zinazoshika mizigo isitembee angani. Nikahamia huko, na mwisho nikawa mkuu wa chumba cha ushonaji, na vijana wakawa wanatetemeka nikitoa wembe mfukoni. Nilistaafu nikiwa na macho mabovu na mgongo unaolalamika asubuhi, ila vidole vyangu vingali vizima.

Ninyi vijana mnaponiuliza habari za ndege, mnauliza urubani tu. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini angalieni walio chini: kuna anayesoma mawingu na upepo, kuna anayezungumza na marubani kutoka mnarani, kuna fundi wa injini, fundi wa umeme, mpima mizigo, anayeziongoza ndege uwanjani kwa fimbo mbili. Na kama huna uhakika, anza kwa mchezo. Salima alianza kwa vindege vya frigolite, ile sponji nyeupe ngumu inayokuja na televisheni kwenye sanduku. Alivikata kwa kisu changu cha nyanya, akavirusha kwenye nyasi za Karavia na wenzake siku za Jumapili. Vingi vilianguka. Alivichukua, akahamisha uzito mbele kidogo, akarusha tena. Nilipomwona anahamisha uzito nilijua mambo yamekwisha.

Wale wenzake wakakua wakawa klabu. Wana mwalimu wao, rubani mstaafu, na kwa miaka kadhaa wamekuwa wakijenga kindege cha watu wawili, mabomba na kitambaa. Kitambaa cha siku hizi hakikazwi kwa dawa ya ndizi, kinakazwa kwa pasi. Pasi! Laiti baba angeliona hilo. Lakini mbavu zinashonwa vilevile, na Salima akaomba usukani aushone yeye. Akauleta nyumbani kwetu Kampemba, yeye na mwenzake wameubeba kichwani, majirani wote wametoka kuona.

Idi hakutaka hata kuutazama. Jioni ile tuligombana barazani. Nikamwambia anamzuia mtoto kwa sababu ni msichana. Akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Apana, Mama. Haina ile. Kila mara ulikuwa unaenda kupanda mu ndege ya kujaribu, mi nilikuwa nasimama hapa ku mulango. Nilikuwa mutoto mudogo. Nilikuwa nangoya nione kama utarudi. Haukujua. Sitaki kungoya tena."

Miaka yote ile nilirudi nikimkuta mlangoni, nikadhani anangoja maandazi. Nilimshika mkono, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia ukweli: "Na mimi niliogopa, Idi. Kila mara. Sikuzoea hata siku moja. Ndiyo maana mafundo yangu hayakufunguka." Akautoa mkono wake taratibu akaingia ndani.

Kesho yake tukaanza kushona, Salima upande ule, mimi huku. Lakini nimewaambia habari ya macho yangu. "Inakuja, kambo!" Salima anaita, kambo ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi mabibi na mababu huku kwetu, na mimi sioni inakotokea. Nikajichoma kidole. Nikajichoma tena. Idi alikuwa anarudi kutoka kazini. Akasimama akitazama damu kwenye kitambaa changu cha kichwa nilichopangusia kidole, akaweka mfuko wake chini kwa hasira.

"Leta hapa, utajitoboa yote."

Akakaa mahali pangu. Alipokuwa mdogo alinishikia uzi maelfu ya mara, na mikono haisahau. Akapitisha, akaita "Inakuja!", akafunga. Safu nzima hadi chini, baba huku na binti kule, bila kusemezana ila neno lile moja. Mimi nilikaa nikinyonya kidole changu. Alipomaliza nikapitisha gumba langu juu ya mafundo yake. Yalikuwa mabaya sana. Yalikuwa mazuri.

"Idi," nikasema, "unakumbuka desturi ya karakana yetu?"

Akaganda. "Mama, miye nilisaidia tu."

"Aliyesaidia ameshona."

"Papa," Salima akasema polepole, "haulazimiki. Nitapanda mi peke yangu."

Nadhani hilo ndilo lililomchoma, kuliko maneno yangu yote.

Siku ya majaribio tulikwenda kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji. Mkaguzi alikuwa amekwisha kukikubali kindege, na mwalimu alikuwa amekirusha peke yake mara kadhaa. Viti ni viwili, cha rubani, yaani mwalimu, na cha mshonaji. Salima alipanda kwanza. Idi alimfunga mkanda mwenyewe, akauvuta, akauvuta tena, mpaka mwalimu akamwambia, "Papa, mutoto anapashwa kupumua." Wakaruka. Idi alisimama karibu nami akitazama juu, na safari hii hakungoja peke yake. Nilimshika kiwiko mpaka magurudumu yakagusa nyasi.

Salima akashuka akicheka na kulia. Akafungua mlango, akaushikilia. Idi akavua saa yake, akanipa. Akavua na viatu, sijui kwa nini, akaviacha kwenye nyasi. Akapanda.

Waliporudi alishuka. Hakuja kwetu. Alizunguka hadi nyuma, akainama kwenye usukani, akatafuta safu yake kwa gumba, kutoka juu hadi chini. Tulimwacha. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu kwa upepo, au kwa kitu kingine.

"Salima," akasema, "ile masomo ya ndege, inaanza siku gani?"

Salima akamkumbatia. Idi akanigeukia mimi.

"Na ule mukasi wa kambo Ramazani, Mama, iko wapi? Umupe uyu mutoto."

Nilikuwa nao mkobani tangu asubuhi.